Daftari Limejaa, Kuta Zimepinda: Neno kwa Wakufunzi wa Ufundi Stadi

Tangu Januari kitengo chetu cha udhibiti ubora, chuoni hapa Dodoma, kinapokea malalamiko ya aina moja. Kijana wa uashi anakwenda saiti kwa mafunzo kwa vitendo, msimamizi anamkabidhi timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, naye anaigeuzageuza kama kengele ya mbuzi. Hajawahi kuitumia. Ameichora tu daftarini, na mchoro wenyewe, tumeuona, ni mzuri kweli.

Mji unajengwa kila upande, Mtumba hadi Msalato, na wakandarasi hawana muda wa kufundisha upya. Kwa hiyo naongea na wakufunzi wenzangu. Wazazi nao wasikie.

Kwamba mtaala wa umahiri unapima kile mwanachuo anachoweza kufanya, hilo tunalijua sote. Shida ipo kwa mkufunzi aliyekaa saiti miaka 15. Mkono wake umezoea. Anapanga kozi tatu, yaani mistari mitatu, ya tofali huku akipiga soga za mpira, kisha anauliza, "Mmeona?" Darasa zima linaitikia "Ndiyo!" Walichoona ni fundi akifanya kazi, basi. Fundi hodari si lazima awe mwalimu. Ndiyo maana kuna Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kule Morogoro, na wanaosema kwenda kule ni kupoteza muda, kwa kweli wanatuchosha.

Njia ya hatua nne ni ya zamani. Mmarekani Charles Allen aliitumia kufundishia wajenzi wa meli wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia: mwandae, mwoneshe, mwache ajaribu, kisha mpime. Sisi tunakwama katikati. Onesha kwanza kwa kasi ya kawaida, wajue kazi iliyokamilika inafananaje. Rudia polepole, ukitaja kila hatua na sababu yake. Mara ya tatu waseme wao, mkono wako ufuate wanachosema. Wakisahau kulowesha tofali za kuchoma, usiwakumbushe. Tofali kavu litanyonya maji ya udongo wa kujengea kabla hawajalikalisha sawa. Kwa upepo wa hapa mwezi wa nane, hawatasubiri sana kuona.

Kisha wape kazi, mikono yako ikae mgongoni. Ukimnyang'anya mwiko umejifundisha mwenyewe. Na "Mbaya, rudia" haimsaidii mtu. Mwambie, "Pima maji inaonesha kona ya kushoto imeinuka, maana ulianza bila kuvuta uzi."

Mtasema vifaa havitoshi. Ni kweli, wala sibishi. Lakini ukuta wa mazoezi hujengwa kwa mchanga na chokaa bila saruji, jioni unabomolewa, tofali zinasafishwa, kesho zinarudi kazini. Wagawe watatu watatu: wawili wajenge, mmoja akague na kuandika, halafu wabadilishane.

Sasa tathmini, maana hapa ndipo wengi wanapojiponza. Andalio la somo husainiwa na mkuu wa idara kabla ya kipindi, si baada yake. Fomu ya tathmini ya vitendo hujazwa karakana, kazi ikiendelea, kipengele kwa kipengele. Mwanachuo husaini, mkufunzi husaini. Nakala moja hubaki kwenye jalada la mwanachuo, ya pili huletwa kwetu. Fomu isiyo na saini ya mwanachuo hairudishwi kurekebishwa: tathmini hufanyika upya mbele ya mkufunzi mwingine, na alama za darasa zima huzuiwa hadi ikamilike. Anayejaza umahiri ambao haukupimwa huandikiwa barua ya kujieleza. Akirudia, suala huenda kamati ya nidhamu. Yanayofuata huko si yangu kuyasemea.

Wazazi, tafadhali, msihesabu madaftari. Kijana akija likizo mwombeni awaoneshe kitu alichotengeneza, au awatengenezee kitasa cha choo. Akisema hajafika topiki hiyo, mpigieni mkuu wa idara, si sisi.

Vitabu vya kumbukumbu za mazoezi vya muhula huu tunavipokea hadi Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Anayeleta vitabu 20 vilivyojazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja asijisumbue kupanda bodaboda.