Spate: neno la mto lililoishia kwenye habari za wizi

Msomaji wa magazeti ya Uingereza hakai sana bila kukutana na neno "spate". Nyumba za mtaa mmoja zikivunjwa usiku baada ya usiku, hiyo ni "a spate of burglaries". Mawaziri wakijiuzulu kwa kufuatana, spate tena. Mara nyingi ni habari mbaya; harusi zikiongozana ni nadra kulisikia. Waandishi wetu hapo husema "wimbi la wizi", wakaazima bahari. Waingereza waliazima mto, na mito ya aina hiyo ndiyo inayonilisha, kwa kuwa mimi ni mhandisi wa umwagiliaji.

Neno lilianza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 15, Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, likiwa na maana ya mto kujaa ghafla baada ya mvua kubwa au theluji kuyeyuka. Asili yake ya nyuma zaidi haijathibitishwa. Wapo wanaolihusisha na "spuiten" ya Kiholanzi, yaani kurusha maji kwa nguvu, ila ushahidi ni mwembamba. Kufikia miaka ya 1610 lilikuwa limeshahamia kwenye vitu visivyo maji. Leo hata msemaji asiyekatizika huambiwa yuko "in full spate", na sote tumewahi kukaa naye kikao kimoja.

Waskoti wenyewe wana spate moja wasiyoisahau, "Muckle Spate", maana yake ile kubwa, ya tarehe 3 na 4 Agosti 1829. Mto Findhorn, kwenye genge jembamba la Randolph's Leap, ulipanda kiasi cha mita 15. Mawe yaliyochongwa kuonyesha maji yalipofika yangali pale, na ukisimama kando yake mto unauona chini kabisa.

Hata hivyo, mvuvi wa samoni wa Uskoti huiombea spate ije. Mito mingi ya magharibi ni mifupi na ina mteremko mkali. Kiangazi hubaki mawe na vijito, na samaki husubiri mdomoni mwa mto. Maji yakija juu, wanapanda. Mvuvi hatupi ndoano wakati maji yana rangi ya chai ya maziwa. Anangoja yaanze kushuka na kutakata.

Kwenye fani yangu kuna "spate irrigation", umwagiliaji wa mafuriko ya ghafla, na hapa neno halina ubaya wowote. Chukua Wadi Zabid, mto wa msimu nchini Yemen. Mvua hunyesha milimani, maji yanateremka kwenye tambarare ya Tihama kando ya Bahari ya Shamu, na baada ya saa kadhaa, pengine siku chache, yameisha. Kwa hiyo wakulima hujenga mapema tuta la mchanga, mawe na matawi ndani ya mto mkavu, ili maji yakija yageuzwe kuingia mferejini. Shamba la juu hujazwa kwanza, maji ya kufika magotini hivi, kisha kingo lake hukatwa yaende la pili. Ardhi inayanywa. Mtama hupandwa baadaye na hukua kwa unyevu huo, pengine bila tone jingine. Zaidi ya hayo, mafuriko yameacha tope lenye rutuba, mbolea isiyonunuliwa.

Mgeni akiliona tuta lile hulidharau, maana mafuriko makubwa hulizoa lote. Lakini hiyo ndiyo kazi yake! Likivunjika, maji ya hatari hubaki mtoni na mashamba yanapona. Miaka ya 1970 na 1980 Tihama ilijengewa mabanio ya zege, yaani kuta za kudumu za kugeuza maji ya mto. Zege halizolewi. Wenye mashamba ya juu, ambao kwa desturi hutangulia, wakaweza kuchukua karibu kila mafuriko, na wa chini wakabaki wakitazama vumbi. Kwa maoni yangu sisi wahandisi tulikarabati kilichokuwa kizima.

Tanzania mfano wa karibu ni Makanya, wilayani Same, chini ya milima ya Upare. Matumizi ya maji yaliongezeka huko juu hadi mtiririko wa kawaida ukaacha kufika bondeni, na wakulima wa chini wakalazimika kugeukia mafuriko. Huu si urithi wa karne nyingi kama wa Yemen. Wamejifunza kwa shida, na taratibu za nani aanze na nani afuate bado ni changa. Mto nao hauwasaidii: unahamisha mkondo wake na kubeba mchanga mwingi. Mafuriko yakishapita, mdomo wa mfereji huwa umezibwa, na inabidi watu washike majembe na koleo kuuzibua kabla mvua nyingine haijanyesha mlimani.