Je, wajua kwa nini wasanii wa chapa wengi hugeukia kuta?

Msanii wa chapa huchonga picha kwenye ubao au linoleo (aina ya zulia gumu la sakafu linalochongeka), akaipaka wino, kisha akaihamishia kwenye karatasi. Kazi yake ya kwanza mara nyingi haizidi ukubwa wa daftari. Lakini fuatilia safari za wasanii hawa utaona jambo linajirudia: baada ya miaka michache mtu yuko darasani anafundisha, kisha yuko na vikundi vya mtaani, na hatimaye yuko juu ya jukwaa, akisimamia watu ishirini wanaopaka ukuta mrefu kuliko basi. Kwa nini yeye, wakati mchoraji wa rangi za mafuta ndiye aliyeizoea brashi?

Sehemu ya jibu ni mtambo. Mtambo wa kuchapia ni mzito, ni ghali, na mtu mmoja hautumii siku nzima. Kwa hiyo wasanii wa chapa hujikuta katika karakana za pamoja, ambako anayejua humwelekeza asiyejua, akitaka asitake. Robert Blackburn alifungua karakana ya aina hiyo New York mwishoni mwa miaka ya 1940. Kabla yake, mwaka 1937, kundi lililomjumuisha Leopoldo Méndez lilianzisha Taller de Gráfica Popular, yaani Karakana ya Chapa ya Watu, mjini Mexico, na humo wenzako waliukosoa mchoro wako kabla haujachapwa. Pablo O'Higgins, mmoja wa kundi hilo, alichora pia kuta za soko la Abelardo L. Rodríguez katika mji huohuo. Elizabeth Catlett, aliyefika hapo miaka ya 1940, baadaye alifundisha uchongaji katika chuo kikuu cha taifa cha Mexico.

Sehemu kubwa zaidi ya jibu, hata hivyo, imo ndani ya linoleo yenyewe. Mwenye rangi za mafuta anaweza kubadili nia kila jioni, akafuta na kupaka upya. Ukichonga linoleo, ulichoondoa hakirudi. Uamuzi wote lazima ufanyike kabla ya wino: wapi patakuwa peusi, wapi peupe, rangi ngapi, ipi itangulie. Picha ya rangi tatu huhitaji mabamba matatu, yaani vipande vitatu vilivyochongwa, au bamba moja linalochongwa na kuchapwa kwa awamu tatu. Macho ya msanii yanajifunza kuutazama uso wa mtu na kuona maeneo matatu bapa badala ya vivuli mia. Na bamba likishakamilika, mtu mwingine kabisa anaweza kulipaka wino na kulichapa, picha ikatoka ileile. Kuamua ni kazi moja, kupaka ni nyingine. Hicho ndicho ukuta wa jamii unachohitaji, kwa sababu wengi wa watakaoupaka hawajawahi kushika brashi.

Tuanze darasani, maana huko ndiko mbinu za ukutani zinakozaliwa. Linoleo ya kawaida ya kuchonga ina unene wa takriban milimita 3.2. Ikiwa baridi ni ngumu, patasi huteleza, na patasi inayoteleza ndiyo inayokata vidole. Iweke juani dakika kumi, au mwanafunzi aikalie kidogo, italainika. Ikizeeka na kuanza kumeguka pembeni, itupe, hakuna joto litakaloifufua. Kata kina cha milimita moja hadi moja na nusu. Ukifika kwenye kitambaa cha juti kilichoko nyuma, umezidisha. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali daima. Njia ya uhakika ya kulisimamia hilo ni kumpa kila mwanafunzi kibao chenye fito mbili, moja juu mbele na nyingine chini nyuma. Ya chini inang'ang'ania ukingo wa meza na ya juu inazuia linoleo isisogee, mkono wa pili ukabaki bila sababu ya kwenda mbele.

Kosa la somo la kwanza ni maandishi kutoka kinyume. Dawa yake ni karatasi nyembamba inayopitisha mwanga: chora kwa penseli laini, igeuze kifudifudi juu ya linoleo, sugua mgongoni. Kosa la pili ni wino mwingi. Tandaza wino kwenye kioo au plastiki ngumu, viringisha rola huku na huku mpaka usikie mchakacho mwepesi kama wa tepu inayobanduliwa polepole. Ukisikia sauti ya tope, wino umezidi na utajaza mistari myembamba. Tabaka tatu nyembamba zinashinda moja nene. Kisha laza karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje, inua pembe moja uchungulie huku umeshikilia nyingine. Chapa ikitoka na vidoadoa vyeupe kama chumvi iliyomwagwa, wino ni haba au umesugua kwa haraka. Waambie wanafunzi mapema kwamba chapa mbili za kwanza huwa hafifu, kwa kuwa linoleo mpya hunywa wino. Wasipojua, watadhani wameshindwa, na wengine watapasua kazi nzuri kabisa.

Katika darasa la watu ishirini, wagawe wawili wawili: mmoja mikono michafu, anayeshika wino na bamba, mwingine mikono misafi, asiyegusa kitu isipokuwa karatasi. Meza ya wino iwe mbali na meza ya karatasi. Baada ya nusu saa wabadilishane. Mpangilio huu unaonekana mdogo, lakini anayeweza kuuendesha bila kupiga kelele ameshajifunza nusu ya kazi ya kusimamia ukuta.

Kutoka hapo, njia ya kwenda mtaani ni fupi. Wape wakazi 24 vipande vya linoleo vya sentimita 15 kwa 15, kila mmoja achonge kitu anachotaka kikumbukwe mahali hapo. Vikipangwa sita kwa nne, vinatoa picha ya sentimita 90 kwa 60. Msanii haichukui picha hiyo jinsi ilivyo. Anatafuta yanayojirudia: mti uleule umechongwa na watu saba, mlango fulani na watano. Mchoro wa ukuta unajengwa juu ya hayo. Ni njia ya haki kuliko mkutano, ambako anayejua kusema ndiye anayesikika.

Mchoro wa mwisho hupunguzwa hadi rangi tano au sita, kila moja na namba yake. Rangi ya saba ni ndoo nyingine, na ikiisha katikati ya kazi itabidi ichanganywe upya ilingane kabisa na ya jana. Kwa mchoro wa sentimita 60 kwa 40 unaokwenda kwenye ukuta wa mita 6 kwa 4, kila kipimo huzidishwa mara kumi: miraba ya sentimita 5 kwenye karatasi huwa ya sentimita 50 ukutani, jumla miraba 96. Eneo ni mita za mraba 24. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, lakini lipu yenye chembe hunywa zaidi, huenda ukapata 6 au 7 tu. Kwa mkono mmoja wa praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine, nunua lita 4.

Usipake kitu kabla ya kuuchunguza ukuta, kwani michoro mingi huharibika kutokea ndani. Lipu mpya ya saruji iachwe wiki nne, la sivyo magadi yake yatakula gundi ya praima na kubadili baadhi ya rangi. Kwa ukuta wa zamani, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, uzibe kingo zote kwa tepu, ukiache saa 24. Ukikuta matone upande uliogusana na ukuta, maji yanatoka ndani, na rangi itabanduka kama ganda. Tafuta kwanza bomba au mfereji unaovuja. Unga mweupe wa chumvi uondolewe kwa brashi kavu, maana ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, rangi ya zamani imekuwa vumbi, ikwanguliwe na kuoshwa, kisha ipakwe praima ya kushikisha.

Kuhamisha mchoro, toboa mistari yake kwenye karatasi kubwa, tundu kila sentimita moja, bandika ukutani, kisha gongagonga kwa kifuko cha kitambaa kilichojaa unga wa mkaa. Andika namba za rangi kwa chaki. Kalamu ya wino mzito itapenya juu hata baada ya mikono miwili ya rangi, na hilo ni kosa linalorudiwa kila mwaka.

Hapa ujuzi wa chapa unajilipa. Mchapaji huanza na rangi nyepesi na kumalizia na bamba la mistari meusi, linaloficha pale ambapo rangi hazikukutana sawasawa. Ukutani ni vilevile: watoto na wageni wa kazi wapake maeneo mapana, rangi zipandane kidogo bila hofu, na siku ya mwisho mkono uliozoea upitishe mstari mweusi wa sentimita 3 juu ya mipaka yote. Hakuna anayelazimika kupaka ukingo ulionyooka, na hakuna mchango unaofutwa.

Wasioweza kupanda jukwaa hawaachwi. Kuna kitambaa chepesi cha poliesta kisichofumwa, hukatwa vipande vya takriban mita moja na nusu, hupakwa rangi mezani na baadaye kubandikwa ukutani kwa jeli ya akriliki. Mpango wa michoro ya ukutani wa Philadelphia, ulioanza mwaka 1984 kama juhudi ya mji dhidi ya maandishi ya kuta, umekitumia sana, hata na watu walio gerezani. Kwa msanii wa chapa ni karatasi kubwa tu.

Mkataba useme mambo machache bila kuficha: malipo ya kubuni yawe mbali na malipo ya kupaka, nani atarekebisha ukuta ukiharibika, na kwa miaka mingapi. Jua huondoa kwanza pinki na nyekundu kali za bei nafuu, huku rangi za udongo, yaani hudhurungi na nyekundu ya kutu, zikidumu. Andika mchanganyiko wa kila rangi kwa vipimo, hifadhi chupa iliyojaa ya kila moja, na utunze mchoro wenye miraba.

Utunzaji huo una maana kubwa kuliko unavyodhaniwa. Corita Kent alikuwa mchapaji wa skrini (wino hupitishwa kwenye wavu mwembamba) na mtawa aliyefundisha Immaculate Heart College, Los Angeles, hadi mwaka 1968. Mwaka 1971 mchoro wake wa mistari mipana ya upinde wa mvua ulipakwa na mafundi kwenye tanki la gesi mjini Boston, lenye urefu wa zaidi ya mita 40. Alifariki mwaka 1986. Tanki lilibomolewa mwaka 1992, na mistari ileile ikapakwa kwenye tanki la jirani, kama bamba linalochapwa mara ya pili.