Umelipa, Stakabadhi Haijafika: Usiombe Namba Nyingine

Kufuatia kuongezeka kwa malalamiko ya wafanyabiashara wa masoko ya Moshi kwamba wamelipia vizimba lakini bado wanasomeka kuwa wanadaiwa, sisi wa halmashauri tumeona ni vyema kueleza fedha hizo hupita wapi.

Hakuna "mfumo" mmoja. Mfumo wetu wa ankara, GePG (mfumo wa Serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki) iliyoanza kutumika mwaka 2017, mfumo wa benki na ule wa kampuni ya simu, kila mmoja una wahandisi wake na hubadilishwa kwa ratiba yake. Kampuni ya simu ikiweka toleo jipya usiku wa manane, hatuna mamlaka ya kuizuia. Tunachoweza ni kuacha njia ya zamani ikiendelea kufanya kazi hadi mpya ithibitike, na kuhakikisha kwamba upande mmoja ukinyamaza, ujumbe wa malipo hautupwi bali unabaki kwenye foleni na kutumwa tena. Hata ukifika mara tatu, namba ya muamala (iliyo kwenye ujumbe wa kukatwa fedha) na kumbukumbu namba ya ankara ("control number") yenye tarakimu 12 huutambulisha, nao huandikwa mara moja tu.

Mama mmoja wa Mbuyuni alifika dirishani akiwa na ujumbe wa kukatwa fedha saa 2:14 usiku. Alipoona stakabadhi imechelewa, saa 2:30 aliomba kumbukumbu namba nyingine, akalipa tena; alfajiri zikaingia stakabadhi mbili. Mitambo haikukosea, kwa sababu kwayo namba mpya ni deni jipya. Kauli ya "mtandao uko chini", ambayo kwa kweli tumeichoka, haielezi lolote hapo.

Mlipaji asubiri saa 24, kwa kuwa kila asubuhi tunalinganisha hesabu zetu na orodha ya miamala ya jana. Stakabadhi isipofika hata hapo, alete namba ya muamala (si picha ya salio), kumbukumbu namba, kitambulisho, na barua kwa Mkurugenzi kupitia kwa Mweka Hazina, yenye jina kama lilivyosajiliwa kwenye laini. Kiasi kilichozidi huhamishiwa ankara inayofuata. Dirishani hatutoi taslimu.

Wachache wanaohariri ujumbe wa simu ili ufanane na wa malipo wafahamu kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kughushi taarifa za kielektroniki kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Karani hasomi ujumbe huo. Huingiza namba ya muamala, akatazama kinachorudi.