Koti la kuazima: yanayosemwa kuhusu kiongozi wa sifa na yaliyopo nyumbani kwake

Jumapili moja mume wangu aliongoza sifa akiwa amevaa koti zito la suti, vifungo vyote vimefungwa, na jua la Kampala siku hiyo lilikuwa la kuchoma. Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono: "Mama Asafu, siku hizi mtumishi anapendeza, mambo yamemnyookea." Nikacheka tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika, nikatumia pasi ya mkaa, cheche ikaruka na kutoboa shati pale kifuani, tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Timu nzima ilikuwa imekubaliana kuvaa nyeupe na lile ndilo lilikuwa shati lake jeupe. Koti tuliliazima kwa jirani alfajiri, naye akatufungulia mlango akiwa na taulo.

Nimeolewa na kiongozi wa sifa miaka 11 sasa. Yeye ni Mlugbara, kabila la kaskazini magharibi mwa Uganda, aliyekulia kwenye kambi za jeshi, mtoto wa askari. Mimi nimetoka Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu, na ndiyo lugha ya ibada tunayohudumu huku Makindye pamoja na Wakongo, Wanyarwanda, Wakenya, na Waganda kadhaa wanaokuja kwa kupenda mapambio. Mengi yanayosemwa juu yetu hayasemwi kwa ubaya. Watu wanaona dakika 40 za madhabahuni, halafu wanajaza wenyewe zilizobaki.

"Anayeimba vile, nyumba yake ni mbingu ndogo"

Nyumbani hatuimbi. Jumatatu mume wangu hataki hata redio. Ukimkuta amekaa kizingitini na kinanda mapajani, visikizio masikioni, hiyo ni Jumamosi usiku, anatafuta ufunguo ambao dada wa sauti ya kwanza ataufikia bila kupiga kelele, na watoto wameshaambiwa mara tatu wanyamaze.

Hesabu ya wiki iko hivi. Jumatano mazoezi, yanaisha saa tatu usiku. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kesha. Jumamosi kuna harusi au kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, ya mtu wa kanisani, na mwimbaji hawezi kukataa kwa sababu bibi harusi ni "dada yetu". Jumapili anatoka saa kumi na moja alfajiri, maana nyaya hazijitandazi zenyewe na maiki lazima zijaribiwe kabla mtu wa kwanza hajaingia. Ibada mbili. Halafu kikao. Anarudi saa kumi jioni, sauti imekwaruza, anakula posho, yaani ugali, na maharage yaliyopoa, analala na viatu. Mimi nimewaogesha watoto wawili, nimewavalisha, nimepanda nao taksi, nimewakalisha benchi la tatu na kuwatoa nje mara nne kwenda chooni, mume wangu akiwa mbele ya macho yangu muda wote.

Na tunagombana, hasa Jumamosi. Kuna wiki tulibishana ada ya shule mpaka usiku wa manane, na asubuhi akasimama kuongoza wimbo wa amani. Nilikaa benchini, mikono nimeifunga kifuani. Baadaye nikasikia mtu ameniombea kwa kuwa "mke wa mtumishi amepoa kiroho". Sikuwa nimepoa hata kidogo, nilikuwa nachemka. Katikati ya ibada mbili alinifuata nyuma ya jenereta, kelele zile zote, akaniomba msamaha kwa kupaza sauti kama anayenadi nyanya, maana bila hivyo nisingesikia. Fundi mitambo alisikia pia. Hajawahi kutuuliza.

Jambo hili la kuomba msamaha kwanza, walokole wa zamani wa nchi hii walilijua kuliko sisi. Hata neno lenyewe, mlokole, Kiswahili kimelichukua kwa Waganda. Mwaka 1929 Mganda mmoja, Simeon Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana kilimani Namirembe hapa Kampala wakaomba na kusoma Biblia pamoja. Uamsho uliofuata miaka ya 1930 ulipita Gahini kule Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, yaani tunakusifu, umeimbwa tangu hapo mpaka kwenye makanisa yasiyojua neno lingine la Kiganda. Wale watu walisisitiza kutembea nuruni: unakiri kosa lako mbele ya wenzako na kulitengeneza kwa uliyemkosea, awe jirani, awe mke, kisha ndipo mnaimba. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Mume wangu alipokuja kujitambulisha Busia, watu walimwomba aimbe. Bibi alimngoja amalize, akamuuliza, "Mwanangu, ukikosea, huwa unachukua siku ngapi kusema nimekosea?" Kijana alitafuta jibu muda mrefu. Nadhani bado anatafuta, ila siku zimepungua.

"Kazi ya Mungu hailipwi"

Hapa nitasema wazi, na mchungaji wangu anajua ninavyofikiri. Anayetaka kutumia Biblia kumnyima mwimbaji aisome kwanza. Nyakati ya Kwanza sura ya 9, mstari wa 33, inasema waimbaji walikaa vyumbani hekaluni wakaachiliwa kazi nyingine, kwa kuwa walikuwa kazini mchana na usiku. Nehemia sura ya 13 ndiyo kali zaidi. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji hawakupewa mafungu yao, kila mmoja amekimbilia shamba lake. Hakuwahubiria waimbaji kuhusu kujitoa. Aliwagombeza wakubwa, akauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa.

Shamba la mume wangu ni kibanda cha kutengeneza simu. Ndicho kinacholipa kodi ya nyumba. Kanisa letu ni la watu wa kipato kidogo, wengi ni wakimbizi, na linampa nauli ya boda anapotoka mazoezini usiku. Silalamiki kwa hilo. Ninachokishangaa ni desturi niliyoiona makanisa mengi ya mji huu: mafuta ya jenereta yanalipiwa, fundi mitambo analipwa, mpiga drams wa kukodi analipwa kabla hajashusha vijiti maana asipolipwa Jumapili ijayo atakuwa kanisa jingine. Anayeambiwa "Mungu atakulipa" ni yule aliye mtoto wa nyumba. Uaminifu wake ndio unaomfanya awe wa bure. Na kwenye harusi malipo ni sahani ya pilau, na ukichelewa hata pilau imeisha.

Kwa kanisa linalomwajiri kiongozi wa sifa kwa mshahara, kuna jambo la sheria linalosahaulika. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, kila mwajiri Uganda anapaswa kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, bila kujali ana wafanyakazi wangapi: asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, asilimia 5 ikikatwa kwenye mshahara. Kumwita mtu "mtumishi" badala ya "mfanyakazi" hakuifuti hiyo. Na aliye kama mume wangu, wa kujitolea, anaweza kujiwekea akiba mwenyewe hukohuko kwa hiari. Sisi tulianza tukiwa tumechelewa.

"Wimbo ni wa Mungu, hauna mwenyewe"

Mbele za Mungu, sawa. Mbele ya sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, wimbo una mtunzi, na unalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi unaanza pale unapoandikwa au kurekodiwa, hata kabla hujausajili, ingawa kuusajili kunasaidia siku ya ugomvi. Ila aliyeajiriwa atunge, kazi huwa ya mwajiri kama hawakuandikiana vingine. Kwa hiyo andikianeni, hata ukurasa mmoja, mkiwa bado mnapendana.

"Sauti ikipotea, ni vita vya kiroho. Au meza yai bichi"

Baada ya kesha moja la mwezi wa 12 mume wangu aliamka hana sauti kabisa, anafungua mdomo inatoka hewa. Kufikia mchana nyumba ilikuwa imejaa. Mmoja kaleta trei ya mayai. Mwingine tangawizi iliyosagwa na pilipili, kitu cha kumtoa mtu machozi. Wazee wawili walikuja kukemea. Naye akajibu wote kwa kunong'ona, adabu ikimsukuma, na kila mnong'ono ulizidi kumharibu.

Daktari wa masikio, pua na koo alituchorea kwenye karatasi. Nyuzi za sauti ziko kwenye koromeo, mlangoni mwa njia ya hewa. Chakula hupita njia nyingine nyuma yake, na kikikosea njia unapaliwa. Kwa hiyo yai bichi haliwezi kulainisha nyuzi hizo kwa sababu halifiki zilipo. Tulilofanya ni kumlisha mayai tu. Maji yanasaidia, lakini kwa kupita mwilini: mwili ukiwa na maji ya kutosha, nyuzi hubaki laini. Mvuke unafika kweli. Kunong'ona kwa kukaza koo hakupumzishi sauti, kunyamaza ndiko kunakoipumzisha. Kula saa nne usiku baada ya mazoezi na kulala papo hapo hupandisha asidi mpaka kooni. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mtu aangaliwe, maana waimbaji na walimu wanaotumia sauti kwa nguvu huota vinundu kwenye nyuzi.

Alinyamaza siku tano. Aliandika kwenye daftari la Asafu. Nilizikuta karatasi hizo juzi: "Chumvi." "Nani amechukua chaja?" "Samahani kwa jana."

"Wanawake wanamtaka, na mkewe ana wivu"

Hili lina ukweli nusu. Ujumbe wa saa sita usiku unakuja, "mtumishi, wimbo wa leo umenigusa", na si wote wanaotafuta maombi. Simu yake hulala mezani sebuleni, na dada anayehitaji ushauri anaonana nasi wote wawili au na mama mchungaji. Hilo halikutokana na wivu, tulilipanga kabla ya harusi.

Wanaosahaulika ni kina dada wa kwenye timu wenyewe. Watu wakisema kiongozi wa sifa huwaza mwanamume, lakini anayeshika zamu ya pili kwetu ni mama wa watoto watatu. Mume wake humsubiri nje ya geti siku za mazoezi, amekaa juu ya boda, na huyo hakuna anayempigia makofi. Mama huyo aliwahi kuongoza akiwa na mimba ya miezi saba, watu wakalalamika kwamba haipendezi. Mume wangu ana kitambi, hawajawahi kulalamika.

"Mtoto wa mwimbaji ni mwimbaji"

Watu hunitajia Hemani, mwimbaji wa kwenye Biblia, aliyekuwa na wana 14 na binti watatu, wote chini ya mkono wa baba yao kwa uimbaji. Kweli imeandikwa. Na mwanangu anaitwa Asafu, jina la mwimbaji wa Daudi, kwa hiyo wanaona jambo limekwisha. Asafu amerithi jina la babu yake mzaa baba, mwanajeshi, na akiimba ni geti linalodai mafuta. Anapenda mpira. Tulimtoa kwaya ya watoto tulipogundua anafungua mdomo bila kutoa sauti, mwaka mzima, kwa kutuonea huruma.

"Akikosekana yeye, ibada itaanguka"

Dhana hii huwa haisemwi kwa sauti, na mwenye kuiamini kuliko wote alikuwa mume wangu. Kwa miaka tisa hakukosa Jumapili isipokuwa zile siku tano za ububu na siku aliyozaliwa binti yetu Neema, ambayo hata hivyo aliwahi ibada ya pili.

Kilichombadilisha ni hesabu. Tukisoma Nyakati ya Kwanza sura ya 25 nyumbani, alikokota kidole mstari kwa mstari: waimbaji waliofundishwa 288, makundi 24, kila kundi watu 12, wamepigiwa kura ya zamu, mwalimu na mwanafunzi sawasawa. Hekalu lenyewe, na Asafu na Hemani na Yeduthuni wote wapo, lilikuwa na zamu. Akafunga kitabu akaenda kuoga bila kusema neno. Wiki iliyofuata alimwomba mchungaji wagawe timu mbili.

Jumapili yake ya kwanza ya mapumziko alivaa shati la bluu. Tulipanda taksi wote wanne. Yule mama wa zamu ya pili alianzisha pambio kwa ufunguo wa chini kuliko tulivyozoea, watu wakasitasita, kisha wakaingia. Mume wangu alianza kukunja vidole kama anayetaka kumwonyesha mpiga besi jambo, nikamshika mkono. Neema, miaka mitano, alinyoosha shingo akatazama madhabahu kushoto mpaka kulia, akageuka kwangu uso umemwiva kwa wasiwasi.

"Mama, Baba yuko wapi?"

Alikuwa amekaa mapajani pa baba yake.