Jasho halitoi sigara mwilini

Nilivuta sigara miaka 11, nikafeli kuacha mara tatu, ya nne ikashika. Siku hizi nimo kwenye kundi la mchakamchaka linalopita Shangani, hapa Mtwara, Jumamosi alfajiri, na kila anayejua habari zangu ana nadharia yake. Nyingi hazina miguu.

Inayopendwa kuliko zote: "Kimbia mpaka utote, nikotini yote itatoka na jasho." Haiko hivyo. Inayotoka na jasho ni kidogo mno. Mwenye kazi ni ini, linaivunjavunja, kisha figo zinatoa mabaki kwa mkojo. Nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu hupungua ndani ya saa mbili hivi, uwe unakimbia au umelala mkekani.

Mazoezi yana kazi nyingine: kukuvusha arosto, yale mateso ya kukosa sigara. Hamu kali hupanda, ikakubana dakika chache, kisha ikashuka. Watafiti wamelipima hili mara nyingi: kutembea harakaharaka hata dakika 10 hupunguza hamu ile wakati unatembea na kitambo baada ya hapo. Saa yangu mbaya ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nikawa nanyanyuka kabla sahani haijaondolewa, nazunguka mtaa kwa kufuata vivuli vya miembe, maana jua la Mtwara saa nane halina utani. Nikirudi, ile sauti imeshanyamaza. Jioni, kwenye kahawa, naanza matembezi upya, kwa sababu muuza kahawa wetu yuko hatua tano tu kutoka kibanda cha sigara za mojamoja.

Hapo ndipo wengi wanaponiambia, "Mimi kazi yangu ni mazoezi tosha." Nenda Feri asubuhi. Utamkuta mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, mikono imekakamaa kama kamba ya nanga, na sigara iko mdomoni. Hakupungukiwa mazoezi huyo. Kwake sigara ndiyo mapumziko ya kazi, kwa hiyo kadiri anavyochoka ndivyo anavyoiwaza. Mwendo unaosaidia ni ule unaokuja saa ileile ambayo sigara ilizoea kuja.

"Vumilia siku 21 tu." Namba hii inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Watu wakalitupa lile "angalau", wakabaki na namba. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha wastani wa siku 66, na makadirio ya mtu mmojammoja yalianzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hawakuwa wakiacha sigara, kweli, lakini matembezi yako ya baada ya chakula nayo ni tabia inayojengwa.

Wenzangu wa mchakamchaka hawapendi nikisema hili: mazoezi peke yake usiyategemee. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 24 zenye watu zaidi ya 7,000, hayakupata ushahidi kwamba kuongeza mazoezi kwenye msaada wa kuacha sigara kunawafanya wengi zaidi waache moja kwa moja. Mazoezi yanakuokoa kwenye dakika ile mbaya. Ushauri wa mtoa huduma wa afya bado unauhitaji, na dawa za nikotini kama unazipata.

Na "nimekimbia kilomita 5, sigara mbili hazidhuru"? Zinadhuru.

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa shambani kwa mjomba, Tandahimba. Jioni uraka, pombe ya mabibo, ukaletwa, pakiti ikaanza kuzunguka. Nikainuka, nikashika njia ya mikorosho peke yangu. Niliporudi, mjomba alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeniudhi.