Nyamapori jikoni: moto mdogo, na ngiri asibaki mwekundu

Lalamiko tunalolisikia sana kuhusu nyamapori ni hili: "Nimeichemsha saa nzima, bado kama kandambili." Mara nyingi kosa si la nyama. Nyati na pofu wanatembea mwaka mzima, misuli imekomaa na mafuta ni haba. Ukiwasha moto mkali, nyama inajikunja, maji yake yanatoka, unabaki unatafuna kamba.

Kwa nyati, kata vipande vidogo ukipitisha kisu kukingama na nyuzi za nyama. Kwaruza papai bichi, changanya na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, paka, uache nusu saa. Wengine hulaza usiku kucha wakidhani ndiyo itazidi kulainika. Matokeo yake juu inakuwa rojo na ndani ngumu vilevile, maana papai halipenyi mbali. Kisha funika sufuria, itokote polepole saa mbili au tatu, uongeze mafuta kidogo kwa kuwa yenyewe haina. Mnofu wa mgongoni wa swala ni laini, hauhitaji safari yote hiyo.

Ngiri ana masharti yake. Nyama yake inaweza kuwa na trikinela, minyoo wanaojificha ndani ya misuli wasioonekana kwa macho. Usitegemee friza: baadhi ya minyoo hao wa wanyama wa porini wanastahimili baridi. Chumvi na moshi navyo si vya kuaminiwa. Dawa ni moto, hadi katikati ya kipande ifike nyuzijoto 71. Kama huna kipimajoto, ipike hadi ianze kuachana na mfupa. Mishikaki ya ngiri yenye wekundu ndani, mimi siigusi.

Tanzania iliweka kanuni za mabucha ya nyamapori mwaka 2020, basi nunua kwenye bucha lenye leseni na utunze risiti. Bila risiti, nyama iliyomo kwenye mfuko wako ni kesi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo huko hakuna bucha la kuuliza.

Na mzoga uliookotwa porini? Hapana, hata ukiwa bado na joto. Damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, huenda ni kimeta, na wengi huambukizwa wakati wa kuchuna, kabla hata sufuria haijabandikwa. Usiupasue wala usiuburute. Zuia watoto na mbwa, umpigie ofisa mifugo wa kata.