Pesa Hufuata Nambari, Si Jina

Kila shule zinapofunguliwa hapa Kenya, dawati la malalamiko la benki yetu hujaa wazazi walioshika ujumbe wa kuthibitisha malipo, ilhali mhasibu wa shule anasema hajaona karo. Mara nyingi Paybill, yaani nambari ya kulipia shule au kampuni kwa M-Pesa, ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni nambari ya akaunti, au nambari ya usajili ya mwanafunzi iliyofaa kuandikwa pale. Matokeo yake ni kwamba karo ya muhula mzima imeingia kwa mtu asiyejulikana, au imefika shuleni lakini haina mwenyewe. Malalamiko ya aina hii yameongezeka msimu huu, na mengi yangezuilika kabla ya mlipaji kuweka nambari ya siri.

Tuanze na dhana inayotusumbua zaidi. Wateja hutuambia, "Lakini niliandika jina lake vizuri." Katika njia nyingi za kuhamisha pesa, jina unaloliandika ni maelezo tu. Mfumo hutafuta akaunti kwa nambari, na ukiipata iko hai, pesa zinaingia. Hakuna karani anayekaa mahali akilinganisha jina na nambari. PesaLink, iliyoanza mwaka 2017, huhamisha pesa kati ya benki papo hapo, usiku na mchana, na kosa nalo hufika kwa kasi hiyohiyo.

Zipo nambari zilizoundwa zijilinde. Nambari ya mita ya tokeni za stima ina tarakimu 11, na ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na 10 zinazoitangulia kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM miaka ya 1950. Kadi za benki hutumia kanuni hiyo pia. Mfumo unaoikagua utakataa ukikosea tarakimu moja, na utakataa karibu kila mara ukipindua mbili zilizo jirani, isipokuwa 0 na 9 zikibadilishana nafasi. Nambari ya simu haina kinga ya namna hiyo. Ukikosea tarakimu moja ya mwisho, kuna uwezekano mkubwa umeangukia laini ya Mkenya mwingine ambaye hajui lolote kuhusu shughuli zako.

Na hata kinga hiyo ina mipaka. Nchini Norwei, mama mmoja alitaka kumtumia bintiye kroner 500,000 kupitia benki ya mtandaoni. Nambari za akaunti za nchi hiyo zina tarakimu 11, ya mwisho ikiwa ya ukaguzi. Ndani ya nambari mlikuwa na 5 kadhaa zilizofuatana, naye akabonyeza 5 moja zaidi. Mfumo haukumwambia kwamba tarakimu zimezidi. Uliikata ile ya mwisho kimyakimya, na nambari iliyobaki ikawa akaunti halali ya mtu mwingine. Sehemu kubwa ya pesa hizo iliishia kwenye kamari. Nawaomba wenzetu wanaounda programu za malipo wakichukulie kisa hiki kwa uzito: kisanduku cha nambari kinapaswa kukataa kilichozidi, kisikikate. Nawe mlipaji, tarakimu zinazojirudia ndizo za kuhesabu kwa kidole.

Ukimtumia mtu pesa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji huonekana kwenye skrini nawe hupewa nafasi fupi ya kusitisha. Lisome. Tunapokea watu walioliona jina geni kabisa na bado wakaendelea, kwa kuwa vidole vimezoea. Kwa Paybill, hata hivyo, usilitegemee jina hilo pekee: kwa kawaida linaloonekana ni la mwenye Paybill, yaani benki, shule au kampuni ya umeme, na si la mwenye akaunti unayoilipia. Hapo kinga yako ni nambari ya akaunti yenyewe. Isome upya katika mafungu ya tarakimu tatu tatu, ukianzia fungu la mwisho, maana jicho likianzia mwanzo husoma linachotarajia kuona. Usiandike nambari unayotajiwa kwa simu. Omba uandikiwe, kisha uinakili. Nambari unayoilipa mara kwa mara ihifadhi baada ya malipo ya kwanza kuthibitishwa na mpokeaji. Kwa kiasi kikubwa, tanguliza kidogo na usubiri akujibu. Ada ya muamala huo mdogo ni nafuu kuliko wiki za kufuatilia karo.

Waweka hazina wa vyama na wahasibu wa kampuni ndogo wana tatizo lao. Orodha ya malipo ikiandaliwa kwenye Excel, sifuri inayoanza nambari ya akaunti hupotea, na nambari ndefu huweza kugeuzwa kuwa kitu kama 1.2E+12. Programu hiyo huhifadhi tarakimu 15 pekee. Zinazozidi hugeuka sifuri. Ifanye safu ya akaunti kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza nambari. Ukibadilisha baadaye, sifuri iliyokwisha kupotea hairudi yenyewe.

Kosa likishatokea, utaratibu ni huu. Kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda nambari 456 ya Safaricom mara moja, kabla hujampigia aliyepokea. Wengi huanza kwa kumpigia mgeni, na wanachofanya ni kumfahamisha kwamba kuna pesa za kutoa. Kwa malipo ya Paybill, wasiliana pia na mwenye Paybill, kwa sababu pesa ziko kwake. Kwa uhamisho wa benki, fika kwenye benki yako, si ya aliyepokea, ukiwa na kitambulisho, nambari ya muamala, tarehe, saa, kiasi, nambari uliyokusudia na ile uliyoandika. Benki yako itaiandikia benki pokezi, nayo itamtafuta mteja wake kuomba idhini. Benki haiwezi kuchota pesa kwenye akaunti ya mteja kwa sababu mtu mwingine amesema ni zake. Bila idhini, panahitajika amri ya mahakama. Wala hatuwezi kukupa jina na simu ya aliyepokea. Tunalaumiwa kwamba tunamficha mwizi, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe.

Akikataa, unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo ikiwa kiasi hakizidi shilingi milioni 1. Madai ya pesa zako zilizo mikononi mwa mwingine yamo katika mamlaka yake, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Nenda na barua uliyoandikiana na benki, si picha ya skrini peke yake.

Kwa aliyepokea, neno ni moja: pesa zilizokujia kimakosa si zako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inasema kwamba anayezuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Hakuna kifungu kinachosema "Mungu kajibu maombi."

Hata hivyo, usizirudishe kwa kumtumia upya mtu aliyekupigia simu. Kwanza angalia salio lako, wala usiuamini ujumbe peke yake, kwa kuwa walaghai hutuma ujumbe bandia na kudai warudishiwe pesa ambazo hazikuwahi kuingia. Zikiwa zimeingia kweli, mwambie aliyezituma aombe zirejeshwe kupitia kampuni au benki yake, kisha ukubali utakapoulizwa. Ukizituma mwenyewe, naye akawa tayari ameshaomba zirejeshwe, utakatwa mara mbili, na utalazimika kufungua malalamiko yako kama mtumaji.